Wanacheka, Kisha Wanasema ni Upuuzi: Nimwamini Nani?

SWALI: Ninaendesha kibanda cha kuonyesha filamu Pasua, mjini Moshi, na kiingilio changu ni shilingi 500. Hivi karibuni niliweka filamu ya kigeni ya vichekesho, ile aina ya watu kuangukaanguka, kupigana vibao, kutapikiana na kufanya mizaha ya chooni na ya chumbani, ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili. Kibanda kizima kilicheka hadi watu wakashika mbavu, lakini wakati wa kutoka karibu kila niliyemuuliza alisema ni upuuzi mtupu. Nilipoingia mtandaoni nikakuta hali ni ileile: wengine wameipa nyota tano, wengine moja, na wahakiki wa nje wameiponda. Sasa wapo vijana wanaoniomba niirudie, na wapo wazazi wanaosema nikiirudia watoto wao hawatakanyaga tena hapa. Nimwamini nani?

JIBU: Ndugu yangu wa Pasua, waamini wote, aliyecheka na aliyesema ni upuuzi, hata kama ni mtu mmoja, ila usidhani kwamba wanajibu swali moja. Kicheko kinaeleza kilichomtokea mtu alipokuwa amekaa gizani kwenye benchi, kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Kauli ya mlangoni inaeleza jinsi anavyotaka kueleweka na wewe, na jirani anayetoka naye, na pengine na nafsi yake mwenyewe. Mtu mzima anayeheshimika mtaani hawezi kusimama mlangoni mwa kibanda na kutangaza kwamba amefurahishwa na jamaa aliyetumbukia chooni. Atasema ni upuuzi, wala hatakuwa anakudanganya, kwa sababu ndivyo anavyoona. Watu wengi hucheka jambo wasiloliheshimu, na filamu za aina hii zimetengenezwa zikitegemea hilo.

Tuanze na kicheko chenyewe, maana ndicho kinachoweza kukupotosha zaidi wewe mwenye kibanda. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, aliona kwamba mtu huelekea kucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Kwako watu wamebanana bega kwa bega, spika iko juu, na kuna yule kijana mmoja, ambaye hakosekani katika kibanda chochote, mwenye kicheko kinachochekesha kuliko filamu. Katika mazingira hayo mtu akianguka kwenye skrini, nusu ya benchi hucheka kwa sababu ya anguko na nusu nyingine hucheka kwa sababu ya wanaocheka. Mtu aliyeitazama filamu hiyohiyo peke yake kwenye simu, ndani ya daladala, akiwa amechoka na kazi, hakupata sehemu hiyo ya pili. Ndiyo maana sishangai kwamba aliipa nyota moja. Maoni yake ni ya haki kabisa, lakini ni maoni kuhusu tukio tofauti na lile lililotokea Pasua.

Tofauti ni kubwa zaidi ya hapo, kwa sababu wewe umesema filamu ilikuwa imetafsiriwa. Wapenzi wa vibanda umiza wanajua kwamba mtafsiri wa filamu, tangu enzi za Lufufu hadi hawa wa leo, hafanyi kazi ya kugeuza maneno tu. Huwapa wahusika majina ya mtaani, huongeza kejeli mahali ambapo mwigizaji yuko kimya, na pale ambapo tusi la Kiingereza lingetoka kavu, yeye hulizungusha kuwa fumbo au hulifanya kali maradufu kadiri anavyojisikia siku hiyo. Mara nyingi, mtu anapokwambia kwamba filamu ilimchekesha, aliyemchekesha ni mtafsiri. Na mzazi anapolalamikia matusi, huenda matusi hayo hayakuwemo kabisa katika filamu ya awali. Kabla hujapima maoni ya mtandaoni dhidi ya maoni ya kibandani, irudie filamu hiyo peke yako bila tafsiri, angalau dakika 30 za kwanza, ujue ni kitu gani hasa kinachosifiwa na kulaaniwa.

Baada ya hapo ndipo tuulize kwa nini anguko lilelile limchekeshe mmoja na limkere mwingine. Aristotle, karne ya nne kabla ya Kristo, alikwisha kuandika kwamba kichekesho ni kosa au ubaya usioleta maumivu wala madhara. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren, walilieleza jambo hilo kwa namna inayowafaa wanaofanya kazi kama yako: mtu hucheka pale anapoona kitu kimekwenda kombo na papo hapo anaona hakuna aliyedhurika kwa kweli. Ukiondoa sehemu ya kwanza, filamu inachosha. Ukiondoa ya pili, filamu inaudhi. Na wa kuamua kama madhara yapo au hayapo si mtengenezaji, ni mtazamaji, kwa kutumia maisha yake mwenyewe. Chukua kituko cha pikipiki kuparamia meza ya machungwa na dereva kurushwa juu. Wanafunzi watacheka. Mama anayeuza machungwa Kiboriloni atahesabu machungwa yaliyopondeka. Dereva wa bodaboda aliyewahi kulazwa Mawenzi akiwa na mguu uliofungwa vyuma atanyamaza kimya, na akitoka atakwambia filamu haina maana. Usimwone kuwa hana ucheshi. Kwake sharti la pili halikutimia.

Hapo ndipo ufundi unapohitajika, na kwa maoni yangu ndipo filamu nyingi za siku hizi zinaposhindwa. Katika filamu ya Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, mchekeshaji wa Marekani Buster Keaton alisimama mbele ya nyumba, ukuta mzima wa mbele, unaokadiriwa kuwa na uzito wa tani mbili, ukamwangukia, na yeye akabaki amesimama kwa sababu dirisha lililo wazi lilipita palepale alipokuwa. Ukuta ulikuwa wa kweli. Mtazamaji anashtuka, anaona mtu ni mzima, anacheka, na kicheko hicho kina heshima ndani yake. Kwetu kaskazini upo mfano wa karibu zaidi, ingawa vijana wachache wanaujua: filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa kwa sehemu kubwa hapa Tanganyika na kutolewa mwaka 1962, ambayo kambi yake ilikuwa Momella. John Wayne ndiye nyota, lakini watoto walioiona wanachokumbuka ni Red Buttons akihangaika na mbuni, na tembo wadogo wakimwandama mwanamke hadi katikati ya mji wa Arusha. Hakuna tusi hata moja linalohitajika kumweleza mtu kinachochekesha pale, na bibi na mjukuu wanaweza kukaa kochi moja bila mmoja kutafuta kisingizio cha kwenda jikoni.

Nasema hivyo kwa sababu neno "vichekesho vichafu" linachanganya mambo ambayo watazamaji wetu huyapokea tofauti kabisa. Kuanguka, kupigwa kibao, kumwagiwa maji: hayo karibu kila mtu anayapokea, mradi maumivu yasioneshwe kwa karibu. Mambo ya tumbo na chooni hupokewa kwa mara ya kwanza tu, tena ikiwa mtengenezaji anajua kuacha mapema. Kutapika kwa kwanza kunachekesha, kwa tatu watu wanaanza kuangalia simu. Mizaha ya chumbani inategemea aliyekaa pembeni, na nitalirudia hilo hapa chini. Halafu ipo aina ya nne, ya kumcheka mlemavu, mnene, mtu wa kabila au nchi fulani, au mwanamke kwa kuwa tu ni mwanamke. Hiyo ndiyo inayoacha uchungu ambao mtu hausemi mlangoni. Hukuona amekasirika, ulichoona ni kwamba wiki iliyofuata hakuja.

Kipimo ninachokitumia mwenyewe ni kuangalia ni nani anayeangushwa. Marehemu Mzee Majuto, yule Amri Athumani wa Tanga aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, alipendwa na watu wa rika zote ingawa vichekesho vyake havikuwa vya adabu muda wote: yalikuwamo makofi, tamaa za kizee, ubahili na ujanja wa kijinga. Mtazame vizuri, utaona kwamba anayeaibika mwishoni karibu kila mara ni mzee mwenyewe, mwenye tamaa na kiburi, naye huipokea aibu hiyo kwa macho yale yaliyotoka na mdomo ule uliobaki wazi kwa sekunde moja zaidi ya inavyotarajiwa. Alipoigiza na Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari Muheza mwezi Novemba 2012, kijana wa mbwembwe ndiye aliyekuwa akijipalilia aibu kwa majivuno yake mwenyewe. Mwenye majivuno akianguka, hata mcha Mungu hucheka bila kuona haya. Filamu yako ikiwa inawaangusha matajiri, mabosi, mapolisi na wajuaji, tegemea maoni mazuri hata kama ni chafu. Ikiwa inamwangusha mhudumu wa hoteli, kiziwi na mama wa makamo aliyekuwa akipita zake, tegemea watu wacheke na wasirudi.

Sasa twende kwenye nyota na asilimia ulizokuta mtandaoni. Chukua watu 100. Hamsini wanaipa filamu alama 10 na hamsini wanaipa alama 1. Wastani ni 5.5, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyeiona kuwa filamu ya 5.5. Filamu ya vichekesho vichafu mara nyingi huwagawa watu kwa namna hiyo, kwa hiyo wastani wake haukuelezi chochote. Kinachokueleza ni umbo la maoni, yaani wangapi wako juu kabisa na wangapi chini kabisa. Asilimia za Rotten Tomatoes, tovuti iliyoanza mwaka 1998, nazo husomwa vibaya kila siku: asilimia 30 haimaanishi kwamba filamu ilipata 30 kwa 100 kama kwenye mtihani, inamaanisha kwamba wahakiki 30 kati ya 100 waliiona inafaa. Huenda kati ya hao 30 wapo walioipenda sana. CinemaScore, inayofanya kazi tangu 1979, huwauliza watu kwenye majumba ya sinema Marekani siku ya kwanza ya filamu na kutoa daraja kwa herufi, lakini wanaokwenda siku ya kwanza ni wale waliokuwa wakiisubiri. Ni kama kuwauliza mashabiki wa Simba, katika jukwaa la Simba, kama timu ilicheza vizuri.

Wahakiki na umma kupishana si jambo jipya, na wala halimaanishi kwamba wahakiki ni wajinga au umma hauna akili. Filamu ya Jack and Jill ya mwaka 2011, ambamo Adam Sandler anaigiza kaka na dada mapacha, mwaka uliofuata ilizoa tuzo zote kumi za Golden Raspberry, zile zinazotolewa kwa kazi mbovu kuliko zote, huku ikiwa imeingiza karibu dola milioni 150 duniani. Jackass: The Movie ya 2002, ambayo ni wanaume kujiumiza makusudi mwanzo hadi mwisho, iligharimu kama dola milioni 5 na kuingiza zaidi ya milioni 79. Mhakiki huitazama asubuhi, pamoja na wahakiki wenzake, akiwa ametazama filamu nyingine nne wiki hiyo, na ana wajibu wa kusema kama kazi ina ubunifu. Kijana wa Ijumaa usiku anauliza kitu kimoja tu: je, nitacheka na rafiki zangu? Kila mmoja akijibiwa swali lake, hakuna aliyekosea. Hata hivyo nakiri kwamba mimi naelemea upande wa wahakiki katika jambo moja: wao husema kama kichekesho ni kipya au ni kile cha mwaka jana kilichovalishwa nguo nyingine, na hilo watazamaji huligundua baadaye, kwa kuchoka.

Unapoyasoma maoni ya watu wa kawaida, achana na nyota, tafuta sentensi inayotaja tukio mahususi. Anayesema "mbaya sana" hajakusaidia. Anayesema aliizima pale walipomcheka mtoto mwenye kigugumizi amekupa taarifa, na anayesema alicheka nusu saa ya kwanza kisha akaanza kusubiri iishe amekupa taarifa nzuri zaidi, kwa sababu filamu nyingi za aina hii huishiwa pumzi katikati: zikishamaliza vituko, hujaribu kuingiza mapenzi na mafunzo ambayo hakuna aliyeyalipia.

Nililoahidi kulirudia ni aliyekaa pembeni, na naona hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wako na wazazi. Sisi si watu wanaochukia mzaha mchafu. Mwulize Mchaga yeyote aliyefiwa jinsi watani wake Wapare walivyokuja msibani, wakalala mbele ya njia, wakamwiga marehemu anavyotembea, wakadai pesa ya kumwachia azikwe, wakasema maneno ambayo siku nyingine yangefikishwa baraza la kata. Watu walicheka huku machozi hayajakauka, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu mtani ana ruhusa. Maneno hayohayo yakitamkwa na mkwe, au mbele ya mkwe, ni balaa. Kwetu uchafu wa mzaha haupimwi kwa maneno yenyewe, unapimwa kwa uhusiano wa walio karibu. Filamu haijui ni nani ameketi na nani. Inapiga mzaha wa chumbani mbele ya baba na binti yake, mbele ya mwalimu na wanafunzi wake, na hapo aibu humpata mtu ambaye angekuwa na rafiki zake angecheka kuliko wote. Mzazi anayekulaumu huenda hakuichukia filamu kwa kiasi anachosema. Alichochukia ni kugeuka na kumkuta mtoto wake naye anacheka.

Kwa sababu hiyo nakushauri uache kuuliza mlangoni "mmeionaje?", maana swali hilo linaomba hukumu ya heshima na ndiyo unayopewa. Uliza badala yake: "Ungeileta familia?" na "Ungemwambia rafiki aje?" Utashangaa jinsi mtu yuleyule aliyesema ni upuuzi anavyojibu la kwanza kwa hapana kali na la pili kwa tabasamu. Angalia pia miguu yao: nani alitoka kabla ya mwisho na katika tukio gani, nani alirudi kesho yake akiwa na wenzake wawili. Sikiliza wanachokisimulia wakiwa wanakunywa kahawa nje, kwa kuwa tukio linalosimuliwa tena ndilo lililopendwa, hata kama msimuliaji analianza kwa kusema "ule upuuzi wa jana."

Jambo moja zaidi kuhusu hesabu yako. Unaposema "kibanda kizima kilicheka", kibanda kizima ni nani? Katika vibanda vingi ninavyovifahamu Moshi na Arusha, kuanzia Ngarenaro hadi Majengo, wanaokaa kwenye benchi usiku ni wavulana na vijana wa kiume. Wanawake ni wachache, na waliopo huwa wameketi karibu na mlango. Kicheko cha kibanda chako kwa hiyo ni maoni ya kundi moja lenye sauti kubwa, na ukikitumia kuamua filamu za siku ambazo akina mama na watoto wanakuja, utawapoteza bila kuelewa kwa nini. Jaribu mara moja kuwauliza wanawake wawili watatu waliokuwemo, faragha, si mbele ya vijana.

Kuhusu uamuzi wenyewe, mimi ningeirudia, lakini Jumamosi usiku tu, na kwa watu wazima. Hakikisha kwanza kwamba kibali chako kiko sawa na kwamba filamu imekaguliwa: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inahusu maonyesho ya hadhara, na Bodi ya Filamu ndiyo inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji, kwa hiyo suala la watoto si hisani yako kwa wazazi pekee. Andika kwenye ubao wako wa chaki, chini ya jina la filamu, kwamba ina matusi na mizaha ya chumbani na watoto hawaruhusiwi. Wanaotaka hayo watavutiwa na ubao huo, na wasioyataka hawatakulaumu kwamba hukuwaambia. Mlangoni simamisha mtu mzima asiyeona haya kumrudisha mtoto wa jirani.

Na wazazi wakikuuliza Jumapili mchana utawawekea nini watoto, waambie Mr. Bean, kile kipindi cha Rowan Atkinson cha miaka ya 1990. Anayeaibika ni Bean mwenyewe, maneno ni machache mno, na mtafsiri wako anaweza kupumzika siku hiyo.